Nilikuwa Pampu

Walipogawa nafasi nilichelewa,
mtoto ana homa, uwele haujapepetwa.
Nikakuta watu wote wameshapatikana:
mwenyekiti, diwani, mama mwenye ndoo,
hata punda, vijana wawili chini ya shuka moja.
Mwalimu Ndahani akakuna kidevu.
"Nhonya, wewe utakuwa pampu."

Basi nikawa pampu.
Mkono wa kulia mpini,
mdomo bomba,
na tumboni, walisema, mita sitini za mwamba.

Mwezi mzima tulijifunza nyuma ya ghala la alizeti.
Mwalimu alitaka mwishoni maji yatoke kweli.
"Watu wamechoka kuambiwa. Waone."
Kwa hiyo nijaze kinywa kabla ya ngoma ya kwanza,
nisimeze, nisicheke, nisikohoe,
hadi mwisho.

Siku ya mnada, saa tisa, vumbi la ng'ombe halijatua,
kina mama wakabana ngoma mapajani, muheme ukalia,
zeze la Masinjisa likakwaruza upepo.
"Mbukwenyi!"
Uwanja ukaitika.
Mbuzi wakaachwa kamba mkononi, bei haijapatana.

Mimi katikati, nimesimama kama mti uliokufa,
na maji ya makorongoni mdomoni, ya chumvi.
Nilikuwa nimeyafuata alfajiri:
saa mbili kwenda, saa mbili kurudi.
Funda moja la njia ile.

Chedego ndiye aliyeigiza mtunza hazina.
Koti la suti juu ya msuli,
daftari kwapani, kalamu sikioni.
Anapokea mia kwa kila ndoo,
anaandika hamsini.
Watu kimya.
Kimya kile nakijua, tulilala nacho miaka mitatu,
kijiji kizima na maji mdomoni
na bombani hamna.

Mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki,
Lechipya mwenyewe, mtunza hazina wa kweli,
mguu juu ya mguu.
Anatikisa kichwa.
Mara anasimama. Anaingia uwanjani.
Ngoma zikakatika. Punda akawa watu wawili.
Nikasema moyoni, leo tunapigwa.

"Wewe kijana," akamwambia Chedego, "unakosea.
Daftari halishikwi hivyo, watu wataona.
Lishike hivi, lielekee kifua.
Na hamsini haiandikwi siku ileile.
Unaandika Ijumaa,
watu wakishasahau."

Akabaki pale na daftari letu la uongo kifuani,
vidole vikiijua kazi,
nami nikauona uso wake ukisikia, taratibu,
kile ambacho mdomo umekwisha kusema.

Hilo Mwalimu hakuliandika.
Hakuna aliyekuwa na maneno yanayofuata.

Mbeleje, ambaye hata hakuwa wa kikundi,
alikuja kuuza ubuyu tu,
akaweka ungo chini,
akanishika mkono,
akapampu. Mara moja. Mara ya pili.
"Toa," akasema.

Na mimi, Mungu anisamehe, haikuwa wakati wake,
nilicheka.

Yalimwagika yote kwenye shati la Lechipya,
na uwanja ulivyolipuka, wanasema,
ng'ombe wa mnada walikimbia hadi relini.
Yeye hakucheka. Alijipangusa kwa kiganja,
akakitazama kiganja,
akakaa chini kwenye vumbi, si kwenye kiti.
Mkutano ukaanzia hapo.
Mwenyekiti wa kweli akaazima kalamu ya mwenyekiti wa mchezo.

Sisemi pampu ilipona siku ile.
Mpira wake ulifika kutoka mjini baada ya Pasaka,
na Lechipya aliuza ng'ombe wawili,
mmoja kwa hiari.
Kuna wasiomsalimia mpaka leo.
Kuna wasionisalimia mimi.

Chedego siku hizi, tukialikwa vijiji vya huko Bahi,
daftari anaelekeza kifuani.
Na watoto wakinikuta njiani
huuvuta mkono wangu wa kulia,
juu, chini, juu,
kisha husogea nyuma kidogo,
wakasubiri.